Mizani ya Atomu na Majivu ya Koobi Fora

Mwezi wa Julai mwaka wa 1961 gazeti la kisayansi la Uingereza liitwalo Nature lilichapa habari fupi iliyowashangaza wataalamu wengi. Habari yenyewe ilihusu fuvu la kale ambalo Bibi Mary Leakey alilivumbua tarehe 17 Julai 1959 katika bonde la Olduvai, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Fuvu hilo lilipewa jina la Zinjanthropus. Nalo neno Zinj, kama labda ujuavyo, latokana na jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani yetu. Mumewe, Dakta Louis Leakey, alikuwa amekisia ya kwamba umri wa fuvu ni kadiri ya miaka 600,000. Habari ya mwaka 1961 ilisema sivyo: umri wake ni miaka 1,750,000, yaani karibu mara tatu ya kisio lile.

Msomaji, una haki ya kuuliza: je, nani aliyekuwako akahesabu miaka hiyo? Mfupa hauna maandishi, wala mawe hayana kalenda. Jibu ni kwamba hakuna aliyehesabu miaka. Kilichohesabiwa ni atomu. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Jack Evernden na Garniss Curtis, walitwaa mawe ya volkeno yaliyolala pamoja na fuvu lile, wakayayeyusha, wakaitoa gesi kidogo mno iliyokuwa imefungika ndani yake, kisha wakaipitisha katika chombo kiitwacho spektrometa ya masi. Nakusudia kukueleza jinsi chombo hicho kilivyopatikana, na hasa habari za sehemu yake ya mwisho, ile inayozipokea atomu na kuzihesabu. Vitabu vingi huitaja sehemu hiyo kwa mstari mmoja tu, kisha vikapita. Lakini kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Baadaye tutatazama mabishano yaliyozuka katika nchi yetu wenyewe, kando ya Ziwa Turkana, kwa sababu ya tarakimu za namna hiyo hiyo.

Kwanza yatupasa kuijua gesi yenyewe. Katika mawe mengi mna potasiamu, na potasiamu hiyo si ya namna moja. Karibu yote ina atomu za uzito wa 39 au 41, lakini katika kila atomu 100,000 mna kama 12 zenye uzito wa 40, nazo hizo hazitulii. Polepole, moja baada ya moja, hugeuka. Nyingi huwa kalisi, lakini kadiri ya moja katika kila kumi huwa gesi ya argoni. Ili nusu ya potasiamu hiyo igeuke, yahitaji kupita miaka milioni 1,250. Volkeno inapolipuka, jiwe huwa limeyeyuka, na argoni iliyomo hutoroka. Jiwe likiisha kupoa na kuganda, argoni itakayozaliwa baadaye haina pa kupitia, nayo hujilimbikiza humo humo. Basi ukijua ni potasiamu kiasi gani iliyomo, na ni argoni kiasi gani iliyokwisha kujilimbikiza, waweza kujua ni lini jiwe lilipoganda.

Maneno hayo ni mepesi kuyasema. Ugumu u katika uchache. Mwanafunzi apendaye hesabu na achukue kalamu: katika jiwe lenye umri wa miaka 1,750,000, kila atomu moja ya argoni iliyozaliwa humo ina atomu zaidi ya milioni 80 za potasiamu zinazoizunguka. Hakuna mizani ya dukani, wala ya duka la dawa, iwezayo kupima kitu kichache namna hiyo. Ilihitajika mizani ya namna nyingine kabisa.

Mwanzo wa mizani hiyo ulikuwa Cambridge, Uingereza, katika maabara iitwayo Cavendish. Mkuu wake alikuwa J. J. Thomson, yule aliyegundua elektroni mwaka wa 1897. Thomson alichukua chupa ndefu ya kioo, akaitoa hewa karibu yote, akabakiza gesi kidogo tu aliyotaka kuichunguza, akapitisha ndani yake umeme wenye nguvu. Atomu ya gesi ikigongwa na umeme huo hupoteza elektroni moja, ikabaki na chaji chanya. Atomu ya namna hiyo huitwa ioni. Faida yake ni kwamba ioni, tofauti na atomu ya kawaida, husikia amri ya umeme na ya sumaku. Thomson alizipitisha ioni zake kati ya ncha za sumaku, zikapinda njia; zile nyepesi zikapinda sana, na zile nzito zikapinda kidogo. Umemwona mama anayepepeta mtama: upepo ni ule ule, lakini makapi huchukuliwa mbali na punje huanguka karibu. Sumaku ya Thomson ilikuwa ungo wake na upepo wake.

Sasa, punje zikiisha kuanguka, nani atakayeziona? Ioni haionekani kwa jicho. Thomson alitumia bamba la kioo lililopakwa dawa ya kupigia picha. Kila mahali ioni zilipoligonga bamba, dawa iliharibika kidogo, na bamba lilipooshwa katika chumba cha giza kukatokea mistari iliyopinda. Mnamo 1912 aliitia gesi ya neoni, akaona mstari wa uzito wa 20 kama alivyotazamia, na kando yake mstari mwingine, hafifu, wa uzito wa 22. Mstari huo wa pili ulileta mashaka makubwa. Wengine walidhani ni gesi mpya, wengine walidhani ni neoni iliyoungana na kitu kingine. Msaidizi wake, Francis Aston, alijaribu kuzitenga gesi hizo mbili kwa kuipenyeza neoni mara maelfu katika udongo mweupe wa kutengenezea viko, akitumaini kwamba ile nyepesi itatangulia kupenya. Alipata tofauti ndogo, lakini haikutosha kuwanyamazisha wenye shaka. Na mwaka wa 1914 vita vikaingia, kazi ikasimama.

Vita vilipokwisha Aston alirudi Cambridge, na mwaka wa 1919 akatengeneza chombo kipya. Katika chombo cha Thomson, ioni za uzito mmoja lakini za mwendo mbalimbali zilitawanyika zikafanya mstari mrefu. Aston aliziongoza kwa umeme kisha kwa sumaku, hata ioni zote za uzito mmoja, ziwe za mbio au za polepole, zikakusanyika mahali pamoja. Mistari ikawa mikali na myembamba. Sasa neoni ilionekana wazi kuwa ni mchanganyiko wa atomu za 20 na za 22, kadiri ya tisa kwa moja. Kloroni nayo, ambayo kila mwanafunzi wa kemia huambiwa kwamba uzito wake ni 35.5, ilionekana haina hata atomu moja ya 35.5, ina za 35 na za 37, na ile nusu ni wastani tu. Atomu hizo, ndugu wa jina moja na uzito mbalimbali, huitwa isotopu. Aston alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1922.

Lakini bamba la picha lilikuwa na kasoro ambayo haikuondoka kwa werevu wa Aston. Lilionyesha vizuri kwamba kitu kipo. Halikuonyesha vizuri ni kiasi gani. Ukizidisha ioni mara mbili, weusi wa mstari hauzidi mara mbili. Tena bamba moja halifanani na jingine, na kuoshwa kwake hutegemea dawa, joto na mkono wa mtu. Aliyetaka kujua kwamba isotopu ipo alitosheka. Aliyetaka kuzihesabu hakutosheka.

Njia ya pili ilikwisha kuanza upande wa pili wa bahari. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka wa 1918, Arthur Dempster, aliyezaliwa Kanada, alitengeneza chombo ambacho ioni zake zilizungushwa na sumaku nusu duara, zikapita katika mwanya mwembamba, na nyuma ya mwanya hapakuwa na bamba la picha bali kipande cha chuma kilichounganishwa na chombo cha kupimia umeme. Kila ioni huja na chaji yake. Ioni nyingi zikija mfululizo, zafanya mkondo wa umeme, na mkondo huo waweza kupimwa. Ukizidisha ioni mara mbili, mkondo huzidi mara mbili kamili. Hapo ndipo kuona kulipogeuka kuwa kuhesabu.

Kipokezi cha namna hii kwa kawaida hufanywa kama kikombe kirefu cha chuma, nacho huitwa kikombe cha Faraday, kwa heshima ya Michael Faraday. Kwa nini kikombe, wala si bamba tambarare? Kwa sababu ioni igongapo chuma kwa kasi hurusha elektroni kutoka katika chuma hicho. Elektroni ina chaji hasi. Ikitoroka, mita hudhani kwamba chaji chanya zaidi imeingia, nayo hutoa hesabu kubwa kuliko haki. Ukirusha punje za mahindi kwenye sinia, nyingi hurukaruka na kutoka. Ukizirusha ndani ya mtungi mrefu, zitarukaruka humo humo. Basi wakafanya kikombe kirefu, na mbele ya mdomo wake wakatia kibamba chenye umeme hasi kuzirudisha ndani elektroni zinazotaka kutoka.

Kikombe ni chombo cha kweli na cha kudumu, lakini hakina mbio, tena ni kizito wa kusikia. Tuseme zinaingia ioni 6,000 kila sekunde. Kwako waweza kuona ni nyingi, lakini mkondo wake ni huu: igawanye ampea moja mafungu milioni milioni, kisha fungu moja uligawanye tena mara elfu, sehemu moja ya hizo ndiyo mkondo wenyewe. Ili upimike, hupitishwa katika kizuizi cha umeme cha omu bilioni 100, na hata hivyo volti inayopatikana ni sehemu moja tu ya elfu kumi ya volti. Joto la chumba likibadilika, mita huyumba. Pamoja na hayo, kwa vyombo vya kupokea umeme namna hii, Alfred Nier wa Minnesota aliona mwaka wa 1935 kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla yake: kilima kidogo sana kati ya potasiamu ya 39 na ya 41. Kilima hicho kilikuwa potasiamu ya 40, ile ile tuliyoitaja, ambayo ndiyo saa ya mawe yetu.

Kwa gesi chache zaidi ilihitajika njia ya tatu, nayo ilitokana na kero ile ile ya kikombe. Mwaka wa 1939 Mmarekani James Allen alieleza jinsi ya kuipokea ioni moja moja. Badala ya kuzizuia elektroni zinazorushwa, alizikaribisha. Ioni moja hugonga kibamba cha chuma, ikarusha elektroni mbili au tatu. Hizo huvutwa kwa umeme mpaka kibamba cha pili, na kila moja ikarusha mbili au tatu nyingine. Hizo huvutwa mpaka cha tatu, na kuendelea. Kama kila mgongo ungezaa mbili tu, na vibamba ni ishirini, mwisho wake ungepata elektroni 1,048,576. Hesabu hiyo yafanana na ile hadithi ya punje za nafaka katika mraba wa bao, ambayo walimu wa hesabu hawachoki kuisimulia. Ioni moja isiyosikika imekuwa mpigo wa umeme usikikao, na mpigo wote hudumu muda wa sehemu chache za bilioni ya sekunde. Chombo hicho twaweza kukiita kizidisha elektroni. Siku hizi katika vyombo vingine vibamba havitumiki. Hutumika bomba dogo la kioo lenye umbo la pembe ya kupuliza, lililopakwa ndani dawa maalumu, ambamo elektroni hugonga ukuta huu na ule mpaka zitokee upande wa pili zimekuwa nyingi.

Na tuseme leo umeingia katika maabara ya kupimia argoni, ukaambiwa wewe ndiwe mwendeshaji. Utafanya nini?

Kwanza hutagusa umeme hata uhakikishe kwamba hewa imetoka. Ndani ya chombo hewa inayobaki ni kadiri ya sehemu moja ya milioni milioni ya hewa ya kawaida. Ili kufika hapo, chombo kizima hupashwa moto kwa saa nyingi, pampu zikivuta, mpaka gesi iliyonata kwenye kuta ing'oke. Mtu akiwasha kizidisha elektroni wakati hewa imo, umeme wa volti 2,000 na zaidi utaruka kama radi ndogo, na kipokezi cha bei kubwa kitaungua mara moja.

Hewa ikiisha kutoka, utaipandisha volti polepole huku ukipokea ioni za gesi uijuayo. Mwanzoni, kila upandishapo volti, hesabu nayo hupanda, kwa kuwa mipigo mingine bado ni dhaifu na kaunta haiisikii. Kisha hufika mahali ambapo volti yapanda lakini hesabu haipandi tena: kila ioni imekwisha kusikika. Hapo ndipo pa kusimama. Ukizidi kupandisha, utakaribisha mipigo ya uongo, na utazidi kukizeesha kipokezi. Maana kipokezi hiki huzeeka kweli: kila elektroni inayogonga ukuta humwonea ukuta kidogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili ya kazi hakina nguvu ya awali, kikapaswa kubadilishwa. Ukikimiminia ioni nyingi kupita kiasi waweza kukimaliza kwa siku moja. Ndiyo sababu mafungu makubwa huelekezwa kwenye kikombe cha Faraday, na kizidisha elektroni huwekwa kwa mafungu madogo.

Kisha utahesabu pasipo gesi yoyote. Jambo hili wanafunzi wengi huliona la upuzi, lakini ni la lazima. Chombo kitupu hakisemi sifuri. Hutoa mipigo michache, na michache hiyo hapana budi kuiondoa katika hesabu zote zijazo. Utalipasha moto tanuru lisilo na jiwe, upime gesi inayotoka katika chuma chenyewe. Utaingiza hewa ya kawaida kidogo, iliyopimwa. Katika hewa tuvutayo, kadiri ya asilimia moja ni argoni, na Nier alikwisha kupima mwaka wa 1950 kwamba kila atomu moja ya argoni ya 36 ina mwenzake 295.5 za argoni ya 40. (Vipimo vya karne hii vimeisogeza tarakimu hiyo hata karibu 298.6.) Chombo chako kikitoa jawabu jingine, si kwamba hewa imebadilika, ni kipokezi chako kinachozipendelea ioni nyepesi kuliko nzito, na sasa umejua ni kwa kiasi gani.

Baada ya hayo yote ndipo jiwe huingia. Gesi yake husafishwa, huingizwa, na njia ya pampu hufungwa, ili gesi ile kidogo isivutwe ikapotea. Huo ulikuwa ubunifu wa John Reynolds wa Berkeley, aliyeeleza chombo chake cha kioo mwaka wa 1956, na kwa chombo cha aina hiyo umri wa Olduvai ulipatikana. Utaibadili nguvu ya sumaku ili ioni za 40 ziingie katika mwanya, uzihesabu; kisha za 38, kisha za 36; kisha utarudi kwenye 40, tena na tena. Utaona hesabu yabadilika kidogo kila mzunguko, kwa kuwa chombo kinakula gesi yake, na kuta zake zatoa gesi nyingine. Basi utachora nukta zako kwenye karatasi na kurudisha mstari nyuma hata dakika ile gesi ilipoingia. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa rula na penseli. Leo hufanywa na kompyuta.

Tena uangalie kaunta isizidiwe. Msimamizi akisimama mlangoni kuwahesabu wanafunzi wanaokimbilia nje, wawili wakipita bega kwa bega atahesabu mmoja. Ioni milioni moja zikija kwa sekunde, na kila mpigo ukiishughulisha kaunta kwa sehemu 20 za bilioni ya sekunde, kadiri ya ioni 2 katika kila 100 hazitahesabiwa.

Huenda ukasema mambo haya ni madogo mno. Na tuone. Tuseme umehesabu mafungu 400 ya argoni ya 40 na fungu 1 la argoni ya 36. Argoni ya 36 haizaliwi na potasiamu, imetoka hewani. Kwa hiyo, katika yale 400, mafungu 295.5 nayo yametoka hewani, na yaliyozaliwa na jiwe ni 104.5 tu. Sasa tuseme ulikosea kidogo katika kuhesabu ile ya 36, ukaandika 1.05. Fungu la hewa linakuwa karibu 310, na la jiwe linashuka hata 90. Kosa la sehemu 5 katika 100 kwenye kilima kidogo kuliko vyote limeupunguza umri wa jiwe kwa sehemu 14 katika 100. Katika jiwe la miaka milioni 2, hiyo ni miaka zaidi ya 250,000 iliyopotea kwa sababu ya mipigo michache isiyohesabiwa sawasawa.

Sasa twende Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Mwaka wa 1969 mwanafunzi wa jiolojia, Kay Behrensmeyer, alikuta huko zana za mawe katika tabaka la majivu ya volkeno. Tabaka hilo likaitwa KBS, kwa herufi za jina lake na neno la Kiingereza lenye maana ya mahali. Richard Leakey, kiongozi wa msafara, alipeleka vipande Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Jawabu la kwanza lilikuwa miaka zaidi ya milioni 200, zama ambazo hapakuwa na binadamu wala nyani. Wataalamu walitambua mara moja sababu yake: majivu hayo hayakuanguka tu kutoka angani, bali yalichukuliwa na mto, na njiani yakakusanya chembe za miamba ya kale sana. Wakaomba vipande vingine, wakachagua fuwele zilizoonekana safi, na mwaka wa 1970 wakatangaza umri wa miaka milioni 2.6.

Walitumia njia mpya ambayo ni ya werevu mwingi. Jiwe huwekwa kwanza katika tanuri la nyuklia, na humo sehemu ya potasiamu ya 39 hugeuka argoni ya 39. Kwa hiyo potasiamu na argoni huhesabiwa zote kwa kipokezi kimoja, kutoka chembe zile zile, pasipo haja ya kuipima potasiamu mahali pengine.

Kisha, mwaka wa 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa Wakenya waliokuwa hodari sana katika kutafuta mifupa, aliona vipande vya fuvu vilivyotapakaa kwenye kibonde. Bibi Meave Leakey na wenzake waliviunganisha kwa subira. Nafasi ya ubongo ilikuwa kadiri ya sentimita za ujazo 750, kubwa kuliko ile ya Zinjanthropus kwa mbali. Na vipande hivyo vilitoka chini ya tabaka la KBS. Kama majivu yalikuwa na miaka milioni 2.6, basi fuvu lilikuwa la kale zaidi, nalo lilitangazwa kuwa la miaka milioni 2.9. Waona uzito wa jambo: ukoo wote wa binadamu, kama ulivyochorwa katika vitabu, ungepaswa kuchorwa upya, na wote walioaminiwa kuwa babu zetu wangegeuka kuwa ndugu wa mbali.

Waliotia shaka kwanza hawakuwa watu wa mizani. Walikuwa wachunguzi wa nguruwe. Basil Cooke alilinganisha mifupa ya nguruwe mwitu ya Koobi Fora na ile ya bonde la Omo, Ethiopia, akaona kwamba nguruwe waliokuwa chini ya tabaka la KBS walifanana na wale wa Omo wa miaka milioni 2 tu. Mwaka wa 1975 Curtis, yule yule wa Olduvai, pamoja na wenzake, alipata umri wa milioni 1.6 katika vipande vingine na 1.82 katika vingine. Fitch na Miller walipima tena, na mwaka wa 1976 wakaishusha tarakimu yao hata 2.42, wala hawakukubali kushuka zaidi. Maabara mbili mashuhuri, vyombo viwili vizuri, majivu yale yale, na tofauti ya miaka nusu milioni na zaidi. Mabishano yalikuwa makali. Mikutano ya wataalamu, ambayo kwa kawaida ni ya upole, ilisikika maneno ya ukali.

Je, vipokezi vilidanganya? Kwa sehemu kubwa, la. Ioni zilizoingia zilihesabiwa. Lakini kipokezi hakijui kama atomu ya argoni iliyokigonga ilizaliwa katika majivu ya KBS au katika chembe ya mwamba wa kale iliyochukuliwa na mto. Kwake zote ni mpigo mmoja. Chembe chache za kale zikichanganyika na fuwele changa zatosha kuupandisha umri wote, na kipokezi kikiwa bora zaidi kitazihesabu nazo kwa usahihi zaidi.

Ian McDougall wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, huko Canberra, alikwepa mtego huo kwa kuchagua mahali pa kuanzia. Hakuchukua majivu yaliyochanganyika. Alichukua vipande vya jiwe jepesi la pumisi vilivyomo ndani ya majivu, kwa maana pumisi ni povu la volkeno lililoganda, na fuwele zilizomo ndani yake zimetoka katika mlipuko ule ule. Zilichaguliwa kwa mkono fuwele kutoka vipande mbalimbali. Mwaka wa 1980 yeye na wenzake walitangaza miaka milioni 1.89, na vipande vyote vilipatana. Mwaka huo huo maabara ya Berkeley ilitoa tarakimu iliyorekebishwa ya karibu milioni 1.8, na mwaka wa 1981 McDougall aliijaribu ile njia ya tanuri la nyuklia, akapata 1.88. Mwaka wa 1979 Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa kemia kwamba majivu ya KBS ni mlipuko ule ule uliofanya tabaka mojawapo la Omo, hivi kwamba nguruwe wa Cooke walikuwa wametoa ushahidi wa kweli.

Siku hizi vyombo vina vipokezi kadhaa vilivyopangwa safu moja, kila uzito na chake, ili 36 na 40 zihesabiwe kwa wakati mmoja pasipo kungojana. Vyombo vya jamaa hiyo hiyo, ingawa vingi hutumia fito nne za umeme badala ya sumaku kubwa, hutafuta dawa zilizokatazwa katika mkojo wa wanariadha, na sumu ya ukungu katika mahindi.

Ama fuvu lile la Ngeneo, umri wake sasa huhesabiwa kuwa karibu miaka milioni 2. Limehifadhiwa Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, kwa namba KNM-ER 1470. Herufi ER ni kifupi cha Rudolf Mashariki, kwa kuwa ziwa lilikuwa likiitwa Rudolf lilipovumbuliwa fuvu. Jina la ziwa lilibadilishwa mwaka wa 1975. Namba ya fuvu haikubadilishwa.